Sebule Nzuri, Ghorofa ya Juu Imefungwa: Nimpeleke Mama?

Shikamoo Sista,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, wa hapa Umoja, Nairobi, ila sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu nimebaki na siku nne tu.

Mama yetu ana miaka 78. Aliuza mitumba Gikomba zaidi ya miaka thelathini na marobota hayo ndiyo yaliyotusomesha. Mwaka juzi alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, sasa anatembea kwa mkongojo. Ana kisukari, anadungwa insulini asubuhi na jioni. Na tangu mwaka jana kusahau nako kumeingia. Mara mbili ametoka kwenye ploti bila sisi kujua. Mara ya pili tulimpata Mutindwa, ameketi kando ya wauza nyanya, anauliza robota la sweta ni pesa ngapi.

Mimi ndiye kifungua mimba na ndiye ninayeishi naye. Dada wa kazi wa tatu ameondoka mwezi uliopita. Simlaumu, maana kumwogesha mtu mzima asiyetaka kuogeshwa si kazi ya msichana wa miaka 20. Mimi huondoka nyumbani saa kumi na moja unusu alfajiri na kurudi usiku. Wiki hizi jirani ndiye anayemtazama Mama, na naona amechoka ingawa hasemi.

Ndugu yangu mdogo yuko Leicester, Uingereza, na yeye ndiye mwenye uwezo. Kazi yake huko ni hiyo hiyo ya kulea wazee. Amepekua mtandaoni akapata makao ya wazee upande wa Ruai. Anasema yana nyota 4.8, na huko aliko nyumba mbaya haiwezi kupata alama kama hiyo. Ada ni shilingi 65,000 kwa mwezi. Wanataka ya miezi mitatu kwa mkupuo, ilipwe kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Jumamosi nilienda. Nilipiga simu kwanza tukapatana saa nne asubuhi. Kusema kweli walinipokea vizuri. Sebule ina makochi ya ngozi na maua mezani, na wazee sita waliovaa nadhifu walikuwa wakitazama televisheni. Meneja ni mama mpole, akanipa chai na mandazi. Nilipoomba kuona vyumba alinionyesha kimoja cha chini, shuka jeupe limenyooka kama la dukani. Kwenye ngazi kuna mlango wa grili, una kufuli. Nikauliza huko juu kuna nani. Akasema, "Hao ni wale wanaohitaji utulivu, saa hizi wanapumzika." Saa nne asubuhi, Sista.

Nilipokuwa natoka, nyanya mmoja aliyekaa karibu na mlango alinishika mkono akaniuliza, "Umekuja kunichukua?" Mhudumu akacheka, akasema huyo huwauliza wageni wote. Nami nikacheka. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Dada yetu wa Nakuru anasema huko ni kumtupa Mama, na kwamba kwetu jambo hilo halijawahi kutokea. Yeye hajaja kumwona tangu Desemba. Sasa sijui kama moyo wangu unakataa mahali penyewe au unakataa wazo lenyewe. Nitajuaje kama ni salama? Kuna serikali inayokagua makao haya? Na mimi ambaye si daktari, niangalie nini?

Kifungua Mimba, Umoja

*

Marahaba mwanangu.

Ijumaa usilipe. Naanza na hilo ili hata bando likikuishia hapa, uwe umepata jibu. Mtu anayekuuzia kitanda cha mama yako jinsi tiketi za basi zinavyouzwa wiki ya Krismasi anajua kwamba ukipewa muda utauliza maswali. Mwambie unataka nafasi lakini hujamaliza kuangalia. Akimpa mwingine, basi.

Tuje kwa hizo nyota. Ndugu yako hakudanganyi, ila anasoma mambo ya huku kwa miwani ya kule. England kuna tume inayoitwa Care Quality Commission, iliyoanza kazi 2009. Wakaguzi wake huingia makao ya wazee, mara nyingi bila kutoa taarifa, kisha wanaandika ripoti ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, na kuyapa makao daraja moja kati ya manne, kuanzia bora kabisa hadi yasiyofaa. Daraja hilo lazima libandikwe mahali wageni watakapoliona. Hizo nyota za Ruai ni maoni ya watu mtandaoni. Huenda zimewekwa na watoto walioridhika, huenda na binamu za meneja. Mzee aliyelala nyuma ya ile grili hana simu ya kuandikia maoni.

Kwetu hakuna mkaguzi mmoja wa kukupa daraja ukalipeleka nyumbani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, wapate matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Lakini karatasi zinatoka kwa milango tofauti na ni wewe utakayezikusanya. Omba kuona kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha afya ya umma, cheti cha zimamoto, na vyeti vya afya vya wapishi. Angalia tarehe, maana cheti cha mwaka juzi ni pambo la ukuta. Kama wanalaza na kutibu, waulize leseni yao kutoka kwa Baraza la Madaktari. Muulize nesi jina lake kamili, kisha ulitafute kwenye rejista ya Baraza la Wauguzi, iko mtandaoni na haichukui dakika tano. Nesi wa kweli hakasiriki ukimwuliza. Mimi nilipokuwa nesi nilikuwa nafurahi, nilijua huyo mgonjwa ana mtu.

Karatasi zikiwa sawa, bado hujaona kitu. Rudi kesho au keshokutwa, saa kumi na mbili unusu jioni, bila kupiga simu. Wakati huo meneja wa mchana ameenda, zamu zinabadilishana, wazee wanalishwa na kupelekwa vitandani. Ndio wakati makao yanavaa nguo zake za nyumbani. Soja akikwambia saa za wageni zimepita, mwambie unakaribia kulipa shilingi 195,000 na unataka kuona chakula cha jioni. Wakikukatalia kabisa, umepata jibu lako kwa nauli ya matatu.

Ukiingia, cha kwanza ni insulini, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kumwangusha mama yako usiku mmoja. Nani anadunga jioni, na nani alfajiri? Jina, si "tuna mtu." Chakula kinafika muda gani baada ya sindano? Akidungwa na sahani ikachelewa saa nzima kwa sababu gesi imeisha, sukari itashuka. Atatoka jasho, ataanza kuongea yasiyoeleweka, na kwa kuwa tayari anasahau, watasema, "Huyu ndivyo alivyo." Nimeona hilo likitokea wodini, sembuse nyumbani kwa watu. Waulize sukari hupimwa mara ngapi na huandikwa wapi. Fungua friji uone insulini imewekwa wapi, isiwe imegandishwa pale juu pamoja na nyama.

Kisha omba chati ya dawa, hata kama jina la mzee limefunikwa. Iwe na dawa, kipimo, saa na sahihi. Sahihi za wiki nzima zikiwa za kalamu moja na mwandiko mmoja, ama mtu huyo hapati kulala, ama anasaini mara moja kwa wiki. Kuna mahali nilipotembelea nikakuta kisanduku cha saa mbili usiku kimeshatiwa sahihi, na ilikuwa saa saba mchana.

Jambo la pili ni visigino. Usicheke. Vidonda vya kulalia huanzia kwenye visigino, nyonga, na ule mfupa wa chini ya mgongo. Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu, lakini ngozi yetu nyeusi haikuonyeshi wekundu. Doa huwa jeusi zaidi, au linang'aa, na ukiligusa lina joto au limekuwa gumu kuliko pembeni yake. Hutaruhusiwa kumfunua mzee wa watu, wala haifai. Lakini mzee aliyetoa miguu nje ya blanketi utamwona. Na swali unaweza kuuliza: asiyeweza kujigeuza, nani anamgeuza saa nane usiku?

Hapo piga hesabu mbele yao. Mtu wa namna hiyo hugeuzwa takriban kila saa mbili. Chukua dakika kumi kwa kila mmoja, pamoja na kumbadilisha pampasi na kumpangusa. Wazee kumi ni dakika 100, na saa mbili zina dakika 120. Kwa hiyo mhudumu mmoja wa usiku akiwa na kumi wa kugeuza anabaki na dakika 20 tu za kumpeleka mwingine choo na kuokota aliyeanguka. Wakikwambia usiku yuko mmoja na juu kuna wazee 15 wa kugeuzwa, basi kuna watu hawageuzwi. Hesabu imeshakwambia.

Na hiyo ghorofa ya juu. Sitaki kuwaonea. Inawezekana kweli walikuwa wamepumzika: kuna makao yanayoanza kuogesha watu saa tisa usiku ili zamu ya asubuhi iwakute safi, na kufikia saa nne wazee wamechoka hoi. Hilo nalo ni kosa, lakini si lile unaloogopa. Unaloogopa ni dawa za usingizi zinazotolewa ili nyumba iwe kimya, au mtu kufungwa kwenye kitanda kwa leso. Utajua kwa kuwaona. Mzee anayelala kwa kawaida ukimsalimia hushtuka, hugeuka, hukukasirikia. Aliyeleweshwa dawa mdomo uko wazi na mate yanatoka, na sauti yako haimfikii. Angalia vifundo vya mikono kama vina alama za kufungwa.

Kufuli lenyewe linanitia hofu zaidi ya dawa. Machi 2001, kwenye shule ya Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 walikufa bwenini kwa moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Baada ya hapo mwongozo wa usalama shuleni, wa 2008, ukasema madirisha ya mabweni yasiwe na grili, milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Wale walikuwa vijana wenye miguu. Mama yako ana mkongojo. Kwa hiyo uliza: ufunguo wa grili ya ngazi unalala wapi? Mwombe mhudumu wa usiku aulete ukiwa umesimama hapo, na uhesabu moyoni. Ukisikia "Hebu nimwulize fulani," toka.

Mama yako anahitaji geti la nje lililofungwa, hilo sipingi, tumeona Mutindwa. Mwenye kusahau anahitaji uwanja wa kuzunguka hadi achoke, na mtu wa kuzunguka naye. Kufuli la kuwatenga wazee na wahudumu wao ni jambo jingine kabisa. Na hata kama ghorofa ingekuwa wazi, yeye apewe chumba cha chini. Andikisha hilo.

Mengine ni ya macho na pua. Harufu ya mkojo asubuhi ni ubinadamu, ila ikiwa imeingia kwenye kochi, au ikiwa Jik inakuchoma macho tangu getini, kuna kitu kinafunikwa. Ingia choo wanachotumia wazee, si cha wageni. Sakafu iwe kavu, ukutani pawe na chuma cha kushikia, na ufungue mfereji uone kama maji yanatoka. Mgao wa maji wa Nairobi unaujua, waulize tangi linawatosha siku ngapi. Stima ikipotea je? Na baridi ya Julai je? Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala hata kwa dakika. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, na mzee aliyelala hatakuamsha wewe wala yeye mwenyewe. Bado kuna watu wanaona jiko ni upendo.

Huyo ndugu yako wa Leicester mpe kazi badala ya kumwachia kutuma pesa tu. Wakaguzi wa kwao huuliza mambo matano: je, mahali ni salama, matunzo yanasaidia, wahudumu wana utu, huduma inafuata mahitaji ya kila mtu, na uongozi ni mzuri? Kwa kazi yake anayajua maswali hayo vizuri kuliko mimi. Mpigie kwa video umeketi na meneja, yeye aulize mpango wa matunzo, daftari la walioanguka, na kama wazee hupimwa uzito kila mwezi. Kamera imwelekee meneja tu. Wazee wa watu usiwarekodi, wana haki ya faragha na tuna sheria ya kulinda data tangu 2019.

Mimi ningeongeza swali moja ambalo wengi huona aibu kuuliza: mtu wa mwisho kufariki hapa, ilikuwaje? Makao ya wazee hufiwa. Meneja mzuri atakusimulia polepole bila kutaja jina: aliugua lini, nani aliitwa, alipelekwa hospitali gani, nani alikuwa naye. Anayekwambia "Hapa hatujawahi kupoteza mtu" ama amefungua juzi, ama anakudanganya.

Mkataba usomwe nyumbani. Hizo 65,000 zinagharimia pampasi na insulini, au hizo ni juu yenu? Usiku akizidiwa, gari ni la nani? Mkimtoa baada ya wiki tatu, pesa zinazobaki mnarudishiwa? Malipo yaende kwa akaunti ya kampuni, si kwa nambari ya simu ya mtu. Na michango yake ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, isilale. Mimi ningependekeza alale wiki mbili za majaribio kwanza, mlipe wiki mbili. Wakikataa hata hilo, kwa pesa hizo hizo pigeni hesabu ya walezi wawili wa kuja nyumbani, mmoja wa mchana, mmoja wa usiku. Ni vigumu kuwapata wazuri, lakini si muujiza.

Dada yako wa Nakuru mpe tarehe za zamu ya kutembelea. Akizikubali, mna mkaguzi mwingine. Akizikataa, neno "kumtupa" litakuwa limepungua uzito. Kwa upande wangu, mama anayepotea njia na kudungwa mara mbili kwa siku, huku wewe ukiondoka alfajiri, kumpeleka mahali pazuri hakuniudhi hata kidogo. Kinachoniudhi ni wanaopeleka na kusahau. Mwezi wake wa kwanza huko nenda Jumanne, kisha Jumapili, kisha Ijumaa usiku, wasijue siku yako. Mvue soksi umwangalie visigino. Angalia kucha. Angalia pia sweta aliyovaa ni ya nani: nguo zikianza kuchanganyika, na dawa huchanganyika. Ukiona alama usizoelewa mwilini, kwanza mpeleke hospitali ziandikwe, kisha nenda polisi na kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo. Usianzie kwa meneja.

Nimemwacha yule nyanya wa mlangoni makusudi. Swali lake si ushahidi dhidi ya makao. Wenye kusahau huuliza hivyo hata wakiwa kitandani kwao, na mama yako huenda ameshakuuliza lini mtarudi nyumbani akiwa nyumbani. Ninachokipima ni kile kicheko. Mhudumu aliyefunzwa vizuri angeinama, akamtaja jina, akamshika ule mkono aliokushika nao. Lakini Jumamosi moja si mwezi, na huenda msichana yule alikuwa amekesha.

Kwa hiyo ukirudi jioni, chukua ndizi mbili mbivu. Uliza kwanza kama nyanya yule ana kisukari. Keti karibu naye umwulize jina lake na kwao ni wapi. Halafu, ukiwa mbali naye, mwulize mhudumu maswali hayo mawili, uniandikie kama majibu yalilingana.

Sista